Supermium na Firefox ESR 115 kwenye Windows 7 na XP: tathmini kutoka meza ya kuchapa, Busia

Kibanda changu cha kuchapa na kutoa nakala kipo Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ambayo malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Kenya. Wateja wangu ni mawakala wa forodha, wanafunzi wanaotafuta fomu, wanajeshi wastaafu na akina mama wa soko wanaohitaji namba ya mlipakodi, na kwa kuwa hapa mpakani Kisamia, Kiteso na Kiganda hukutana mlangoni mwangu kila asubuhi, Kiswahili ndicho kinachotupatanisha. Karibu kila wanachokuja kutafuta kimehamia kwenye tovuti: ombi la pasipoti, usajili wa biashara, marejesho ya kodi. Printa ikigoma naweza kumwomba mteja arudi jioni, lakini kivinjari kikigoma sina kazi.

Nina kompyuta mbili kuukuu ambazo sijaziacha. Ya kwanza ina kichakataji cha Core 2 Duo, kumbukumbu ya GB 4 na Windows 7 ya biti 64; humo imo programu ya hesabu za duka niliyoinunua miaka mingi iliyopita na ambayo aliyeiandika hapatikani tena. Ya pili ni Pentium 4 yenye GB 1 na Windows XP, nayo ipo kwa sababu moja tu, kwamba skana yangu kubwa inayomeza ramani za viwanja haina draiva ya mfumo wowote uliokuja baada ya XP. Naeleza haya mapema kwa sababu kila ninapouliza ushauri huambiwa ninunue kompyuta mpya, kana kwamba wazo hilo halijawahi kunipitia.

Kilichonifanya nianze kuvipima vivinjari kwa makini ni wakala mmoja aliyesimama nyuma ya kiti changu, akaona ukurasa mwekundu kwenye kioo, akaniuliza, "Mama, mbona mashine yako inasema wezi wataichukua pesa yangu?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Tangu siku ile nimetumia miezi kadhaa nikijaribu vivinjari vinavyosemekana bado hufanya kazi kwenye Windows za zamani, na ninachokitathmini hapa hasa ni viwili, Firefox ESR 115, yaani tawi la Firefox linalopewa marekebisho ya usalama kwa muda mrefu, na Supermium, ndugu wa Chrome aliyetengenezwa kwa ajili ya Windows za zamani, pamoja na Mypal 68 kwa wale ambao, kama mimi, bado wana XP mezani.

Kabla ya kukilaumu kivinjari chochote, tazama saa ya kompyuta. Mashine iliyozeeka huwa na betri ya kidonge ya CR2032 iliyokufa kwenye ubao mama, na umeme ukikatika usiku kompyuta huamka ikiamini kwamba tupo mwaka 2005 au 2009. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta iliyorudi nyuma miaka kumi na mitano huona vyeti vyote vya dunia havijaanza kutumika, nayo huvikataa. Nusu ya kurasa nyekundu zilizokuwa zikinisumbua kwenye mashine ya XP ziliondoka siku nilipobadilisha betri hiyo ya shilingi elfu chache. Fundi aliyekuja kabla yangu alikuwa amefuta na kusakinisha upya mfumo mzima, akalipwa, na betri akaiacha vilevile.

Nusu iliyobaki ilitokana na jambo ambalo nadhani ndilo la kuangaliwa kwanza mtu anapochagua kivinjari cha Windows kuukuu, nalo ni kama kivinjari hubeba vyeti vyake chenyewe au huviazima kutoka kwa mfumo. Kila tovuti salama huonyesha cheti kilichotiwa sahihi na mamlaka fulani, na kompyuta huwa na orodha ya mamlaka inazoziamini. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kiitwacho DST Root CA X3, kilichokuwa kikiidhamini Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti kwa tovuti nyingi, kwenye mashine za zamani, kilikwisha muda wake, na kompyuta ambazo hazikuwa na cheti kipya cha ISRG Root X1 ziliamka zikizikataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka bila shida. Matoleo ya zamani ya Chrome yalitegemea orodha ya Windows. Firefox, kwa upande wake, imekuwa na orodha yake yenyewe tangu zamani, pamoja na maktaba yake ya usimbaji fiche, kwa hiyo uzee wa Windows iliyo chini yake hauigusi sana. Nililithibitisha hili kwa jaribio jepesi: kwenye mashine ileile ya XP, Chrome 49, ambayo ndiyo ya mwisho kwa XP na Vista, iliikataa tovuti ambayo Firefox 52, nayo ya mwisho kwa mifumo hiyo miwili, iliikubali mara moja.

Kuikubali tovuti, hata hivyo, si kuionyesha. Firefox 52 ilifungua mlango na ndani kulikuwa na ukurasa mweupe mtupu. Sababu yake ni lugha ya JavaScript ambayo tovuti za leo zimeandikwa kwayo: lugha hiyo hukua, na kila mwaka huongezewa alama mpya. Moja ya alama hizo ni kiulizo kinachofuatwa na nukta, ambacho Chrome ilianza kukielewa katika toleo la 80 na Firefox katika toleo la 74, yote mawili ya mwanzoni mwa 2020. Kivinjari cha kabla ya hapo kikikutana na alama hiyo hakiiruki kama msomaji anavyoruka neno asilolijua; hulikataa faili zima, na kama faili hilo ndilo linalochora ukurasa, hakuna kitakachochorwa. Ndiyo maana ushauri wa kubadilisha jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo mbele ya tovuti, ili kionekane kipya, husaidia mara chache sana. Tovuti itadanganyika, lakini injini iliyo ndani, yaani sehemu inayosoma msimbo na kuchora ukurasa, itabaki ileile.

Kwa mwenye Windows 7 hali ni nafuu zaidi. Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo tarehe 14 Januari 2020, na waliolipia nyongeza walihudumiwa hadi tarehe 10 Januari 2023, siku ileile ambayo Windows 8.1 nayo ilifungiwa. Chrome 109 ya mwezi huohuo ndiyo ya mwisho kwa mifumo hiyo, na Edge, kivinjari cha Microsoft yenyewe, iliishia kwenye namba hiyohiyo. Vibanda vingi ninavyovijua bado vinatumia Chrome 109, na wenyewe watakuambia inafungua kila kitu. Ni kweli inafungua mengi. Mimi siipendekezi kwa kazi yenye neno la siri la mteja, kwa sababu kila kasoro inayogunduliwa na kutangazwa katika matoleo mapya ya Chrome huwapa wezi orodha ya mahali pa kutafutia katika toleo lililoachwa.

Firefox ESR 115 ndiyo niliyoanza nayo kwenye Windows 7, na kwa muda mrefu ndiyo niliyomshauri kila aliyeniuliza. Toleo la 115 lilitoka Julai 2023, Mozilla ikatangaza kwamba ndilo la mwisho kwa Windows 7, 8 na 8.1, ila litaendelea kupokea marekebisho ya usalama katika tawi lake la muda mrefu. Tawi hilo lilipangwa kuisha Septemba 2024, likasogezwa hadi Machi 2025, kisha likasogezwa tena. Thamani ya mpango huo ilionekana mapema, Septemba 2023, ilipogunduliwa kasoro kubwa katika maktaba inayofungua picha za WebP, kasoro iliyovigusa vivinjari karibu vyote kwa sababu vyote huitumia maktaba hiyohiyo. Mwenye ESR alipata toleo la 115.2.1 lenye dawa, hata kama Windows yake ilikuwa ya mwaka 2009. Anayetaka kuisakinisha leo aangalie kwanza katika ukurasa wa Mozilla kama tawi la 115 bado linatolewa masasisho, kwa maana bila hayo sifa hii yote inaanguka.

Katika matumizi ya kila siku nimeiona kuwa tulivu. Kwa vichupo vitano au sita, mashine yangu ya GB 4 haihemi. Faili lake la usakinishaji ni dogo kuliko la Supermium, jambo ambalo msomaji wa nchi nyingine anaweza kulidharau, lakini hapa Uganda, ambako tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, kila pakuo lina bei. Kwa sababu hiyohiyo nimeweka humo kiongezi cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo yasipakuliwe, na tofauti naiona kwenye kifurushi changu kabla ya kuiona kwenye kioo. Kuna tahadhari moja kwa wenye tabia ya kuzima masasisho ili kuokoa data: cheti ambacho Firefox hukitumia kuvithibitisha viongezi kiliisha tarehe 14 Machi 2025, na matoleo ya ESR yaliyotangulia 115.13 hayawezi tena kuvithibitisha. Kwa hiyo ukikuta kibanda ambacho uBlock ilizimika yenyewe bila mtu kuigusa, angalia namba ya toleo kabla ya kutafuta virusi.

Udhaifu wake ni umri wa injini. Kadiri miezi inavyopita, tovuti huandikwa kwa mambo mapya ambayo toleo la 2023 haliyajui, na marekebisho ya usalama hayaongezi uwezo huo. Hapo ndipo nilipolazimika kuijaribu Supermium.

Supermium imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, na hufanya kazi kuanzia Windows XP yenye SP3 (kifurushi cha tatu cha masasisho ya Microsoft) hadi mifumo ya sasa. Wazo lake ni jepesi kueleza ingawa kulitenda ni kazi kubwa. Chromium ya kisasa inapoanza, huiomba Windows huduma fulani ambazo Windows 7 haina, sembuse XP, na ikizikosa husimama palepale. Supermium huja na maktaba yake inayojibu maombi hayo kwa niaba ya mfumo, ama kwa kuyatafsiri kuwa maombi ambayo mfumo wa zamani unayaelewa, ama kwa kuitenda kazi yenyewe. Ni kama mkalimani wa hapa mpakani anayesimama kati ya dereva na karani: kila mmoja huendelea na lugha yake, na karatasi hugongwa muhuri. Kwa kuwa injini ni ya karibuni, alama ya kiulizo na nukta haiisumbui, na orodha ya vyeti huja nayo.

Kwenye Windows 7 tathmini yangu ni nzuri. Fomu zilizokuwa zikibaki nyeupe kwenye vivinjari vya zamani zilijazika, vitufe vya kupakia picha vilifanya kazi, na faili za PDF zilifunguka ndani ya kivinjari bila programu nyingine. Hula kumbukumbu kama ndugu zake wote wa ukoo wa Chromium, kwa hiyo niliwasha kipengele kinacholaza vichupo visivyotumika na nikaizoeza mikono yangu kufunga kazi ya mteja mmoja kabla ya kuanza ya mwingine, jambo ambalo hata kwa siri za wateja ni jema. Niseme pia kwamba sehemu ya utulivu niliouona huenda haikutoka kwenye kivinjari bali kwenye SSD ya GB 120 niliyoiweka mahali pa diski ya zamani mwezi uleule. Mwenye diski inayokoroma asitarajie programu yoyote itamwokoa.

Swali lililonichukua muda mrefu zaidi ni la uaminifu. Firefox ina taasisi nyuma yake. Supermium ni kazi ya mwandaaji mmoja na wanaomsaidia, msimbo wake uko wazi kwenye GitHub kwa yeyote anayejua kuusoma, na marekebisho ya Chromium huifikia baada ya Chrome yenyewe kuwa imeshayapata. Pengo hilo la siku au wiki si dogo kwa anayeshika nywila za watu. Nimeamua kuishi nalo kwa masharti mawili: nalitafuta toleo jipya kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango, na miamala ya benki ya wateja siifanyi humo. Mwenye akaunti hutumia simu yake mwenyewe, nami humwelekeza tu. Wapo wanaoniona mgumu, mstaafu mmoja aliniambia, "Binti yangu, umekuwa afande kuliko mimi." Akatoa simu.

Faili la usakinishaji lichukuliwe kwenye ukurasa wa mradi wenyewe. Hapa mjini programu husafiri kwa flash kutoka kibanda hadi kibanda, na flash hiyo hubeba zaidi ya ulichoomba. Pia Windows 7 ambayo haijawahi kusasishwa tangu iwekwe inaweza kulikataa faili halali kwa sababu haielewi sahihi za SHA-2, njia mpya ya kuthibitisha kwamba faili limetoka kwa mwenyewe. Tiba yake ni kuweka kwanza SP1, halafu sasisho la Microsoft la KB4474419 la mwaka 2019, ndipo uendelee.

Kwenye XP mambo ni tofauti, na hapa sitaki kumpa mtu matumaini ya bure. Supermium ilianza kwenye Pentium 4 yangu, nami nilifurahi kuona ukurasa wa leo ndani ya dirisha la bluu la mwaka 2001, lakini kwa GB 1 ya kumbukumbu kila kubofya kulikuwa na safari yake, na lawama hiyo ni ya mashine, si ya programu. Mypal 68, iliyotokana na Firefox 68 ya mwaka 2019 na kutengenezwa mahususi kwa ajili ya XP, ni nyepesi zaidi, hubeba vyeti vyake, huelewa TLS 1.3 (utaratibu wa kisasa wa kusimba mawasiliano na tovuti), na kwa kusoma habari au kupakua fomu ya kawaida inatosha. Kati ya hizo mbili, kwenye mashine dhaifu ningechukua Mypal bila kufikiri sana.

Lakini hakuna kati yao inayoweza kuizibia XP matundu yake. Vivinjari vya kisasa hujifungia ndani ya kisanduku ili ukurasa mbaya usiifikie kompyuta, na kuta za kisanduku hicho hutolewa na mfumo: ngazi za uaminifu zilikuja na Vista, na uzio mkali zaidi ukaja na Windows 8. Kwenye XP kuta hizo hazipo, kwa hiyo injini mpya juu ya XP ni mlango wa chuma kwenye nyumba ya makuti. Tena zipo hatari zisizopita kwenye kivinjari kabisa. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilienea kupitia huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, na ikatisha kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa XP, mfumo ambao ilikuwa imeuacha tangu tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta ilihitaji tu kuwa imewashwa na kuunganishwa.

Kwa sababu hiyo mashine yangu ya XP nimeichomoa waya wa mtandao. Inaskani ramani, inaziweka kwenye flash ambayo haitumiki kwa kazi nyingine, na flash hiyo hukaguliwa kwenye kompyuta ya pili kabla ya kitu chochote kutumwa. Mypal bado imo, kwa siku nitakapohitaji kusoma mwongozo wa skana uliohifadhiwa kwenye diski.

Nitaulizwa kuhusu Linux, mfumo unaoweza kuwekwa mahali pa Windows. Nimeijaribu kwenye Core 2 Duo na vivinjari vyake ni vipya kabisa. Kwa mtu asiyefungwa na programu ya hesabu kama yangu, ni njia bora kuliko yote niliyoyaeleza hapa. Windows 11 haikubali kompyuta zangu, kwa kuwa hudai TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na kichakataji cha miaka ya karibuni. Wenye Windows 10 nao wameingia kwenye foleni hii tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila wao wana nafasi ya kupumua: Edge imeahidiwa kuendelea kusasishwa kwenye Windows 10 ya toleo la 22H2 hadi angalau Oktoba 2028.

Kwenye Windows 7 yangu, basi, Supermium ndiyo inayofungua fomu za wateja, na Firefox ESR 115 imebaki kwa barua pepe ya kibanda na kwa siku ambazo kifurushi cha data kimekaribia kuisha. Naipa Supermium nyota nne kati ya tano kwenye Windows 7 na mbili kwenye XP. Faili la usakinishaji la toleo la sasa na la toleo lililotangulia nimeyahifadhi kwenye diski D, kila moja likiwa na tarehe kwenye jina lake, kwa sababu kusasisha hufanyika Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ambayo mawakala hufika kabla sijamaliza kufagia.